Barua Niliyoilainisha

Vijana wa meza ya ukalimani, mmenisumbua tangu siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati, mkitaka niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu habari za vyeo. Nilipandishwa cheo mara mbili katika miaka yangu yote, na mara zote mbili nilipata habari kwa kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani, jina langu likiwa limekosewa. Nitaandika juu ya mzee mmoja, safari moja, na kosa moja ambalo mpaka leo likinijia nikiwa mezani naacha kula.

Kwanza mnijue. Baba yangu alikuwa Mnubi wa Oli, mtaa wa Arua, mjukuu wa askari waliotoka Sudani. Mama yangu alikuwa Mkakwa wa Dranya, kijiji cha mpakani. Nyumbani tulisema Kinubi, kwa wajomba Kikakwa, sokoni Kiswahili na Kilugbara, na shuleni tulichapwa mpaka Kiingereza kikaingia. Watu hudhani mtoto wa namna hiyo ana kipaji. Ukweli ni kwamba ana woga. Mtoto anayekulia ndani ya lugha nyingi hujifunza mapema kuchungulia nyuso za wakubwa ajue nani amekasirika, kisha atafute neno la kumtuliza. Tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi, na ndiyo iliyoniponza.

Niliajiriwa mwaka wa sabini na moja katika ofisi ya wilaya pale Arua, karani na mkalimani. Siku ya kwanza nilivaa suruali ya marehemu baba, nikafika hata kabla ya mfagiaji. Barazani nilimkuta mzee amekaa kwenye ngazi, kaki yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe, vifungo vya shaba vinang'aa, anapasua mwanzi kwa kisu kidogo. Nikamwamkia. Akaniangalia kuanzia viatuni.

"Wewe ndio mukalimani mupya?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaogopa?"

"Hapana, mzee."

"Basi rudi nyumbani," akasema, akaendelea na mwanzi wake. "Mukalimani ambaye hapana ogopa, hiyo nauwa watu."

Nikamwambia kwamba, kusema kweli, nilikuwa naogopa tangu alfajiri. Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.

Huyo alikuwa Mzee Surur. Kwenye orodha ya ofisi aliandikwa tarishi, mtu wa kubeba bahasha, chini kabisa ya jina la dereva. Lakini alikuwa sajini katika jeshi la Mwingereza, alikuwa amezika rafiki zake katika nchi ambazo wakubwa wetu walizijua kwenye ramani tu, na machifu wa Zaire na wa Sudani walimpokea kama balozi. Sisi tulikaa kwenye pembe ambapo nchi tatu zinakutana, na Wakakwa wako katika zote tatu. Ng'ombe akipotea huku, nyayo zake zinaishia kule. Mambo kama hayo yakipelekwa Kampala yanaoza njiani. Basi DC aliandika barua, Mzee Surur akaipeleka kwa miguu, na jawabu likarudi baada ya siku mbili tatu. Hakuna aliyemwita balozi, wala yeye hakudai.

Kazi yake ilikuwa na desturi zake, na alinifundisha zote kwa kunikaripia. Barua haiendi mfukoni. Inabanwa kwenye ncha ya mwanzi uliopasuliwa, na mwanzi unashikwa mbele ya kifua tangu unapovuka kijito cha mpakani, ili kila mtu aone kuanzia mbali kwamba huyu anayekuja ni mjumbe, si mwizi wala mpelelezi. Vijana wa ofisi walikuwa wanamcheka kwa mwanzi ule. Nami nilicheka, mpaka siku tulipokutana na askari wanne wa Zaire wakiwa wamelewa. Waliuona mwanzi, wakatupisha njia, na mmoja wao akapiga saluti.

Zawadi hutangulia: kwanza chumvi, halafu sukari, halafu blanketi. Barua mwisho. Hukai mpaka uambiwe kaa. Unakunywa maji kabla ya kuingia, ili usije ukaomba kitu kabla ya ujumbe. Mkalimani anasimama nusu hatua nyuma ya mjumbe, mikono inaonekana. Mkubwa akisema "mimi", nawe unasema "mimi", husemi "anasema kwamba yeye". Na juu ya yote, maneno hayana mkono wako ndani.

"Chumvi hapana yako, pilipili hapana yako," alikuwa akiniambia. "Wewe iko sufuria tu."

Sikupenda kuitwa sufuria, nilikuwa nimemaliza sekondari. Lakini kwa miaka mitatu nilimfuata: Onduparaka, ambako ninyi leo mnakujua kwa kelele za mpira tu, halafu Koboko, halafu vijia vya nyuma ambavyo havina jina. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma nyasi, pumu ilimkaba. Alitembea na vidonge kwenye kikopo cha ugoro, na mkewe, Mama Zenabu, ndiye aliyekijaza. Mama yule alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya chini. Kila tukiondoka aliniambia mimi, si mumewe, idadi ya vidonge vilivyomo.

Sasa nifike kwenye safari yenyewe. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa sabini na nne. Watu wa Dranya waliwasha moto wa kuwindia, kama walivyofanya mababu zao: unachoma nyasi upande mmoja, unasubiri wanyama upande wa pili. Upepo ukageuka. Moto ukaruka kijito, ukaingia Zaire, ukala maghala ya mtama ya vijiji viwili. Wazee watatu wenye uwindaji ule, wakiwa watu wa adabu, wakavuka wenyewe kwenda kuomba radhi. Wakakamatwa. Mkubwa wa Wakakwa wa upande ule, ambaye kila mtu alimwita Sultani na nami nitamwita hivyo, akasema hawatoki.

Lingekuwa jambo la wazee kwa wazee, lau kapteni mmoja kule Koboko hakulisikia. Alimpigia simu DC siku ya Jumatatu. Akasema raia wa Uganda wametekwa, na kama hawajarudi kufikia Ijumaa, yeye atawafuata na malori. Nyote mmesikia kwa wazazi wenu miaka ile ilikuwaje. Mtu aliitwa ofisini kwa mkubwa kunywa chai, na chai ile hakuna aliyejua inaisha lini. DC wetu alikuwa mgeni, mtu wa kusini, mpole, mwenye miwani. Alifunga mlango, akapiga taipu barua kwa mkono wake mwenyewe, akaitia sahihi, akanipa niisome ili nijue nitakachokwenda kutafsiri.

Ilikuwa fupi. Nakuamuru uwaachie watu watatu hawa mara moja, bila sharti lolote. Ukikataa, sitawazuia askari, na damu itakayomwagika itakuwa juu ya kichwa chako. Nilipomaliza, niliomba ruhusa nikaenda msalani.

Tuliondoka Jumanne. Land Rover ilitufikisha Koboko, na Jumatano mapema tukashika kijia. Mzee Surur hakujua kusoma. Tulipokaribia kijito akaniuliza, "Ndani iko nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Tukaendelea kutembea. Moshi wa nyasi ulikuwa bado unatambaa bondeni, na nilisikia kifua chake kikipiga filimbi.

"Sema vile iko," akasema mwishowe. "Sultani najua hasira. Hasira ya wazi naweza. Atapiga kelele, mimi nitapiga kelele, jioni tutaongea. Lakini sema vile iko."

Nikaitika. Naapa nilikuwa na nia ya kutii.

Kwa Sultani kulikuwa na banda kubwa la nyasi, wazee wamekaa kwenye vigoda, na yeye mwenyewe juu ya kiti cha mbao chenye mgongo. Nje, juani, walikuwa watu wa vile vijiji viwili. Wanawake walikuwa wamekaa na vikapu vitupu mbele yao, na kila kitu, hata nywele zao, kilinuka mtama ulioungua. Vijana wao walikuwa na mikuki na mapanga, si ya maonyesho. Wale wazee watatu wa Dranya walikuwa pembeni, miguu imefungwa kamba. Mmoja wao nilimtambua, jirani wa wajomba zangu. Akainamisha uso, ameona haya.

Chumvi ilipokelewa, sukari ikapokelewa, blanketi likapokelewa. Mzee Surur akauelekeza mwanzi mbele. Sultani akaichomoa barua, akaigeuza, akanipa.

"Soma kwa Kikakwa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wao, laini. "Bazee basikie bote."

Vijana wangu, nimeeleza mara nyingi moyoni mwangu kilichotokea, na kila mara najitetea vizuri kuliko mara iliyotangulia. Basi leo sitajitetea. Nilifungua mdomo, nikawaona wale vijana wenye mikuki, nikaogopa. Mahali palipoandikwa nakuamuru, nilisema nakuomba. Mahali pa bila sharti lolote, nilisema kwa huruma yako. Sentensi ya askari na damu niliiruka kabisa, nikatia badala yake kwamba nakuomba kama ndugu anavyomwomba ndugu. Yote kwa Kikakwa kizuri, cha mama yangu.

Nyuso zikalegea. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa muda wa kumeza mate nilijiona bingwa.

Halafu Sultani akaniuliza, "Anaomba?"

"Anaomba."

"Basi anaacha nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Desturi ile nilikuwa nimeisikia, Mzee Surur aliitaja njiani pamoja na mambo mengine mia, na niliiweka kwenye fungu la hadithi za zamani. Kwa Wakakwa wa upande ule, anayeamuru haachi kitu: atapewa au atafukuzwa, basi. Lakini mkubwa anayeomba watu huacha mtu wake. Mtu huyo anakaa chini, juu ya udongo, na anabaki pale mpaka mwombaji alete ng'ombe dume na mtu wa kusema mbele ya wazee kwamba ndiyo, bwana wangu aliomba. Ng'ombe akichinjwa, aliyekaa anainuka anakwenda zake. Bila hayo, hainuki.

Na ni nani angeleta ng'ombe? DC hakuomba kitu. DC aliamuru.

Nilimgeukia Mzee Surur. Kikakwa alikijua kuliko mimi, alisikia kila neno nililolipindua. Angeweza kusema pale pale kwamba kijana amekosea, barua haisemi hivyo. Lakini mbele ya watu wale, barua ikishabadilika mara moja, nani angeamini toleo la pili? Wale watatu walikuwa wameanza kufunguliwa kamba. Aliniangalia, si kwa hasira, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua. Kisha akajikalisha chini, kaki yake nzuri kwenye majivu.

"Mimi," akawaambia kwa Kikakwa. Nami akaniambia kwa Kiswahili, "Peleka watu. Ijumaa iko karibu."

Alhamisi wale wazee watatu walikuwa Koboko. Kapteni akawaangalia, akasema vizuri, malori yakabaki kambini. Wanawake wa Dranya walipiga vigelegele. Nami nikapigiwa, jambo ambalo nisingemtakia adui yangu.

DC alisimama kunipokea. Hakuwahi kusimama kwa ajili yangu, si kabla wala baada ya siku ile. "Unaona," akasema, "barua kali inafanya kazi." Kisha akauliza tarishi yuko wapi. Nikasema amebaki kumalizia mambo kidogo. Akaridhika, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilitoka nikijiambia nitasema kesho. Ijumaa nikajiambia nitasema baada ya sala. Jumamosi nikajiambia mtu hamwendei mkubwa na habari mbaya Jumamosi. Kila nilipouangalia mlango wa DC niliiona ile chai isiyo na mwisho. Kubadilisha barua ya serikali, iliyotiwa sahihi na mhuri, mbele ya nchi ya kigeni. Watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo, na nyumba zao zikabaki zimefungwa.

Mama Zenabu alikuja kila asubuhi. Alikaa kwenye ngazi pale pale mumewe alipokuwa akikaa, akauliza lini, nikasema kesho, akaondoka. Jumamosi alileta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa.

"Alibeba ya siku tano," akasema. "Leo ya tano. Utatuma na nani?"

Nikasema kuna mtu anakwenda Koboko. Nikavitia kwenye droo. Jumapili alinifuata nyumbani kwangu Oli, nikamwambia vimekwenda. Jumatatu lori la pamba lilisimama mbele ya ofisi, dereva ni rafiki yangu, anakwenda Koboko. Ningempa vidonge, angeuliza vinakwenda wapi na kwa nini mzee yuko Zaire wakati barua ilishajibiwa. Nilisimama kwenye dirisha mpaka vumbi lake likatulia. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi, na halikuhitaji hata kufungua mdomo.

Jumanne Mama Zenabu hakuniuliza lini. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Khamis, mimi hapana uliza wewe tena. Leo nauliza DC mwenyewe."

"Mama, ngoja kidogo."

"Nimengoja."

Basi msije mkasema Khamis alikuwa na ushujaa wa kuungama. Nilimtangulia mwanamke mlangoni, ndiyo yote. Niliingia, nikafunga mlango, nikamweleza DC kila kitu nikiwa nimesimama, mikono inaonekana kama nilivyofundishwa.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani, akafunga dirisha.

"Ulibadilisha barua yangu."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Surur. Na mimi."

Akaanza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nilianza kufikiria mama yangu ataambiwa nini. "Unafikiri sikujua kuandika ombi?" akasema. "Kama ningeomba, kapteni angesema nimeogopa. Niliandika amri kwa sababu niliogopa." Akavaa miwani. "Nenda na ng'ombe. Kule sema niliomba. Hapa sijawahi kuomba, na wewe hujawahi kuniambia."

Nilitaka kumbusu mikono. Nikatoka mbio.

Sasa ng'ombe. Mngedhani familia tatu zilizorudishiwa wazee wao zingegombania nani atoe dume. Zilibishana kweli, lakini kinyume chake. Wa kwanza alisema moto ulianzia shambani kwa wa pili. Wa pili akasema dume lake ni la mahari. Wa tatu akaanza habari ya babu yao. Siku mbili, Jumatano na Alhamisi, nilikaa Dranya nikiwasihi wajomba zangu kwa lugha ile ile tamu iliyonifikisha pale. Alhamisi jioni yule mzee aliyeinamisha uso akatoa dume lake jeusi.

Ijumaa nilivuka kijito, mwanzi mkononi bila barua, vidonge mfukoni, mjomba wangu nyuma akimswaga dume. Niliona kutoka mbali kwamba pale chini, mahali pake, hapakuwa na mtu. Nilifurahi. Nilidhani wamemhamishia kivulini.

Sultani alitoka mwenyewe kunipokea, jambo lisilofanyika. Akamtazama ng'ombe.

"Ngombe ni ya kuinua mutu," akasema. "Mutu iko wapi?"

Mzee Surur alikuwa amekufa jana yake alfajiri. Kifua kilifunga siku ya sita. Walimpa dawa zao, wakamweka ndani ya nyumba ya Sultani, lakini kila wakimlaza kitandani alishuka chini, akasema hajainuliwa bado. Sultani alimtuma mtu kwa baiskeli mpaka mji wa Ariwara akalete mfanyabiashara Mwislamu na wenzake, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kabla ya jua kuzama.

Nilimwambia Sultani ukweli wote pale pale. Sikuwa tena na cha kuogopa, na ilikuwa imechelewa siku moja. Akanisikiliza, akaingia ndani, akarudi na ile barua.

"Hii nilipelekea mwalimu wa misheni, anajua Kingereza. Siku ya pili tu. Akanisomea. Haiko na kuomba hata kamoja. Nikamwita muzee yako. Nikasema: karatasi inaamuru, kijana aliomba, ya kweli ni gani?"

Nikauliza alijibu nini.

"Akasema: ya kweli ni mimi, nimekaa hapa." Sultani akaikunja barua. "Nikamwambia basi simama, chukua karatasi yako, rudi kwenu. Akakataa. Akasema karatasi hii ikirudi Arua, ule kijana atapotea. Acha nikae, atakuja na ngombe mwenyewe. Kila siku aliangalia njia."

Akanipa barua. Niliichoma kando ya kijito, na nilipovua koti kupangusa uso vidonge vikaanguka, nikaviokota kimoja kimoja kana kwamba vina kazi.

Mama Zenabu nilimweleza kwake, tumekaa mkekani, sikuficha hata lile lori la pamba. Hakulia mbele yangu. Aliuliza nani alimwosha. Nikamwambia. Aliuliza kama walimlaza akielekea kibla. Nikamwambia ndiyo. Kisha akasema niondoke, na kwa miaka mitano hakunijibu salamu. Alikuwa na haki.

Nilirudi kazini. Niliachiwa nafasi ya Mzee Surur pale kwenye ngazi, sikuikalia. Nilitafsiri barua nyingine nyingi, na nyingine zilikuwa chafu kuliko ile, nikazisema zilivyo, nikiwa naogopa. Hakuna iliyomwaga damu. Sijui kama ile ya kwanza ingemwaga, na sitajua.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ikaanguka, na vita vikaja kuelekea kwetu. Watu wa Arua na Koboko, askari na wasio askari, Waislamu na Wakristo, wote tukawa watu wa kutafutwa. Tukashika njia za mpakani tukiwa na magodoro na kuku. Mimi niliwachukua mama yangu na watu wa mtaa wetu wa Oli. Mama Zenabu alikuwa miongoni mwao, mzigo kichwani, anatembea mbele yangu bila kugeuka. Nilikijua kijia kimoja tu ambacho moyo wangu ulikiamini, nacho ndicho nilichokichukia kuliko vyote.

Kwenye kijito tulikuta vijana wa Sultani wamefunga njia. Walikuwa na habari kwamba askari wanakuja wanapora, na wakasema hapiti mtu. Nyuma yetu watu walizidi kujaa, watoto wanalia, na kutoka upande wa Koboko tulisikia mizinga. Nikaomba Sultani aitwe. Alikuja ameshikwa mkono, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliitambua.

"Ni mukalimani," akasema. "Leo karatasi inasema nini?"

"Hakuna karatasi, Sultani. Hakuna mkubwa. Wamekimbia wote."

"Basi unasema maneno ya nani?"

Nikamwambia kwa Kikakwa kwamba ni yangu. Nikasema sisi ni watu wengi, hatuna chakula, baadhi yetu tuna makosa, na ninaomba. Nilipolitamka neno hilo nilijua linadai nini, nikaanza kupiga magoti nikae chini, mbele ya mama yangu na watu wote.

Sultani alisikia nguo zangu. Akanyoosha fimbo yake, akanizuia begani.

"Simama," akasema, na akasema kwa Kiswahili, ili wote walio nyuma yangu wasikie. "Mutu yenu alishakaa hapa zamani. Bado hajainuka. Piteni."

Vijana wakatoka njiani. Mama Zenabu akashusha mzigo kichwani, akaushika kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akanigeukia.

"Khamis," akasema, "nionyeshe iko wapi."